Kutoka Mvita hadi Section 58: Mshairi Aliyekataa Kutubu

Barabara ya chini ya kwenda Nakuru, ile inayopitia Mai Mahiu, ilichongwa na wafungwa. Waitaliano waliotekwa na Waingereza katika vita vya Abisinia na Somalia waliletwa Kenya, wakapewa sururu na kuamriwa kuteremsha njia kutoka ukingoni mwa Bonde la Ufa hadi chini. Mwaka 1942, wakiwa bado kazini, walijijengea kanisa dogo kando ya njia hiyo, na kanisa lingalipo. Matatu yetu ilipolipita, mama mmoja aliyeketi mbele alipiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa bado umeshika gunzi la mahindi ya kuchoma. Dereva hakupunguza mwendo. Malori ya kwenda Malaba na Busia yalikuwa yamefuatana mbele yetu, na upenyo wa kuyapita haukuwa wa kuchezea.

Nimeanza na wafungwa kwa sababu mfungwa ndiye aliyenipeleka Nakuru. Ndani ya begi langu mlikuwa na Sauti ya Dhiki, diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga gerezani kati ya 1969 na 1972. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Section 58, huwakusanya vijana watunzi sebuleni kwake. Walikuwa wamefika kwenye diwani hiyo, lahaja yake ya Kimvita ikawakwaza, naye akatafuta mtu wa Mombasa wa kuwasaidia. "Njoo utusomee kwa ulimi wa kwenu, mwanangu," aliniambia kwenye simu. "Halafu utujibu swali moja: huyu mtu aliungama nini hasa?" Swali hilo nilipanda nalo treni Miritini, nikalala nalo Nairobi, na sasa nilikuwa nateremka nalo bondeni.

Naivasha tulisimama kidogo. Wachuuzi walilizunguka gari na mifuko ya njegere, karoti na viazi. Mji huu wa mashamba ya maua una pia gereza kubwa lenye ulinzi mkali. Ukiupita unafika Gilgil, na Gilgil nayo ina hesabu yake. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa wafungwa wa Kiyahudi wa makundi ya Irgun na Lehi, waliokuwa wakipambana na utawala wao Palestina. Walikuwa wamekwisha kuzungushwa Eritrea na Sudan, wakakaa kambini Gilgil hadi walipoachiliwa mwaka 1948. Gilgil ndiko pia alikozikwa J. M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975. Yeye alikuwa ameandika habari za maisha yake katika kambi za vizuizi wakati wa Mau Mau, na kitabu chake kikatoka mwaka wa uhuru, 1963. Abiria wenzangu wengi walikuwa wamelala. Kijana wa pembeni yangu alikuwa akitazama mpira kwenye simu. Kwa msafiri wa kila siku hii ni njia ya kuwahi kazini tu, na hana sababu ya kuhesabu kambi na makaburi.

Baada ya Gilgil, Ziwa Elmenteita lilifunguka mkono wa kushoto, jembamba na la kijivu, na weupe wa machimbo ya Kariandusi ukaonekana kwa mbali. Kisha Lanet, kisha vibanda vya vifaa vya ujenzi, magodoro, miche ya miti, na bango la mhubiri kila hatua chache. Nakuru imekuwa jiji rasmi tangu tarehe 1 Desemba 2021, na pande hizi za mashariki ndizo zinazoonyesha kwamba imekipokea cheo hicho kwa saruji.

Section 58 iko upande huo, karibu na barabara kuu ya Nairobi. Nilishuka stejini nikachukua boda. Ni mtaa wa nyakati mbili zilizobanana: nyumba za zamani za chini, zenye ua wa kayaba na mjakaranda langoni, na fleti mpya zinazopanda ghorofa baada ya ghorofa pale ambapo nyumba kama hizo zimebomolewa. Kwa Mwalimu bado ni nyumba ya chini. Ana tangi kubwa la maji ya mvua pembeni na mtungi wa maji ya kununua jikoni, kwa sababu maji ya visima vingi vya bonde hili yana floraidi nyingi. Waliokulia hapa huijua meno yangali machanga, kwani huyaacha na madoa ya kahawia. "Ukimwona mtu ana meno haya," alisema akicheka ili niyaone yake, "usimwulize kwao ni wapi. Ni hapa."

Aliniandalia chai ya maziwa, mandazi na ndengu, na kabla sijamaliza kikombe alikuwa ameshaifungua nakala yake ya Sauti ya Dhiki, ambayo jalada lake lilikuwa limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Alizaliwa katika shamba la mlowezi upande wa Njoro, baba yake akiwa kibarua. Nyumbani walisema Kikuyu, na nje, pamoja na watoto wa vibarua wa Kijaluo, Kikisii na Kikalenjin, wakasema Kiswahili. Ndiyo maana, alisema, hajawahi kukiona Kiswahili kuwa lugha ya Pwani iliyomtembelea. Kilichomfikia kutoka Pwani ni ushairi.

Tulianza na maisha ya mtunzi. Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946 katika jamaa ya watunzi na wanazuoni. Kaka yake Ahmad Nassir ndiye mwenye diwani ya Malenga wa Mvita, na kaka mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mwanasiasa na mwanazuoni wa dini aliyefanya pia kazi ya uchapishaji katika Oxford University Press, Nairobi. Mwaka 1968 Abdilatif alikuwa mfanyakazi wa manispaa ya Mombasa, kijana wa miaka 22, na mwanachama wa Kenya People's Union, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika, wagombea wa KPU waliondolewa kwa wingi kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa ipasavyo, na KANU ikapita. Abdilatif na wenzake walikuwa wakiandika makaratasi na kuyasambaza kwa siri. Novemba mwaka huo wakatoa lililoitwa Kenya: Twendapi? Desemba akakamatwa. Machi 1969 akahukumiwa kwa uchochezi kifungo cha miezi 18, na serikali ilipokata rufaa kikawa miaka 3.

Sehemu kubwa ya muda huo alikaa seli ya peke yake, Gereza la Kamiti. Hakuruhusiwa karatasi wala kalamu. Aliandika kwenye karatasi za chooni, kwa msaada wa askari jela aliyemwonea imani, na mashairi yakatolewa nje kwa siri. Aliachiliwa 1972. Mwaka uliofuata Oxford University Press ikayachapa Nairobi, na mwaka 1974 diwani ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, kwa upande wa Kiswahili. Kwa Kiingereza mshindi alikuwa Meja Mwangi.

"Umesikia hiyo?" Mwalimu aliuliza, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikisimulia. "Wamfunge kwa kuuliza nchi inakwenda wapi, halafu wampe zawadi yenye jina la aliyemfunga. Na sisi tukaambiwa tukafundishe!"

Wakati huo Abdilatif alikuwa ameshahama. Alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambako alishiriki kuandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka 1981. Mwaka 1979 alikwenda London katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akahariri jarida la Africa Events, na kutoka 1995 hadi 2011 alifundisha Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Ni maisha marefu ya kazi, lakini msomaji wa kawaida humjua kwa miaka ile mitatu ya ndani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifanya ijulikane.

Hapo ndipo Mwalimu alipolirudia swali lake, na akaja nalo kwa njia ya Marekani. Aliwahi kusoma kwamba mwaka 1959 Robert Lowell alitoa kitabu cha Life Studies, akisimulia ndoa yake, wazazi wake na maradhi yake ya akili bila kujificha, na mhakiki M. L. Rosenthal akaueleza ushairi huo kuwa ni maungamo. Sylvia Plath na Anne Sexton wakawekwa katika kundi hilo. Lowell naye aliwahi kufungwa, mwaka 1943, kwa kukataa kuandikishwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. "Sasa huyu wetu," alisema Mwalimu, "ni wa kundi hilo au si wa kundi hilo? Nimetafuta ndoa sikuiona. Nimetafuta baba mkali sikumwona."

Nilimjibu kwamba wetu tusimtafutie ukoo Marekani. Simulizi za Fumo Liyongo zinasema shujaa huyo alitungia kifungoni, na kwamba wimbo wake ulipeleka ujumbe kwa mama yake amfichie tupa ndani ya mkate. Muyaka bin Haji wa Mombasa alizitia shida za nyumbani kwake ndani ya mashairi yaleyale yaliyozungumza vita na siasa za mji. Mwana Kupona, mwaka 1858, aliusia binti yake akiwa mgonjwa, na ugonjwa wake umo ndani ya utenzi. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa shairi. Mtunzi wa Kiswahili amesema "mimi" siku zote. Alichofanya ni kulivalisha "mimi" hilo vazi la adabu: vina, mizani na kituo.

Vazi hilo lilimfaa Abdilatif kwa sababu nyingine pia, na hii ndiyo niliyotaka Mwalimu aipeleke kwa vijana wake. Mtu aliyefungiwa peke yake bila karatasi hana pa kuweka shairi isipokuwa kichwani, mpaka karatasi ya chooni ipatikane. Mshororo wa mizani 16, uliokatwa katikati, nane kwa nane, una kina cha ndani na kina cha nje. Neno likikuponyoka, kina kinakuambia lilikuwa linaishia na sauti gani, na mizani inakuambia lilikuwa na urefu gani. Ubeti ukipungua silabi moja, sikio linakushitaki. Kwa mfungwa wa namna hii kanuni za jadi zilikuwa ghala. Wanaosema kwamba vina na mizani humfunga mshairi hawajajiuliza vimemsaidia nini yule ambaye tayari amefungwa kwa pingu.

Mwalimu aliliandika hilo pembeni ya ukurasa kwa penseli. Kisha akasema, "Bado hujanijibu."

Asubuhi iliyofuata alinituma nikaone mji wake kabla ya vijana kufika jioni. Nilianzia Hyrax Hill, kilima kidogo cha mawe kilicho karibu na mtaa, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 na kukuta makaburi na makazi ya watu wa kale. Nilipanda na mwongozaji mchangamfu, akanionyesha vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani. Ukifika juu unaliona Ziwa Nakuru, ambalo kwa zaidi ya miaka kumi sasa limekuwa likipanda na kumeza miti ya kandokando yake. Upande wa kaskazini unauona mgongo wa Menengai. Wachezaji wa bao lile hawakuacha jina hata moja, ila mahali pa kuketi wawili pangali wazi.

Kutoka pale nilikwenda mjini. Nilikuwa na sababu ya kuzunguka Nakuru nikimwaza Abdilatif, kwa kuwa KPU ilikuwa na mizizi hapa. Mbunge wa kwanza wa Nakuru Mjini baada ya uchaguzi wa 1963 alikuwa Ramogi Achieng' Oneko, mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria, Kenyatta akiwa miongoni mwao. Kenyatta akamfanya Waziri wa Habari. Mwaka 1966 Oneko alijiuzulu, akamfuata Odinga katika KPU, na katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo kiti cha Nakuru kikamponyoka. Oktoba 1969, baada ya umwagaji damu wa Kisumu, chama kikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Oneko hakutoka hadi 1975. Abdilatif alikuwa ameshamaliza miezi kadhaa ya kifungo chake wakati chama alichokifungiwa kilipofutwa.

Na Nakuru hiihii ilikuwa na Ikulu aliyoipenda Kenyatta. Aliishi humo kwa vipindi virefu, akipokea wajumbe na wacheza ngoma. Mwaka 1976 ni mjini hapa palipofanyika mkutano mkubwa wa wanasiasa waliotaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asirithi kiti kwa urahisi. Nilipokuwa nikila chapati na maharagwe katika kibanda kimoja mtaani Bondeni, nilimwuliza mzee wa pale, mwenye kofia ya mkono na msuli, kama anamkumbuka Oneko. Alinikumbusha kwanza kwamba sijamwamkia. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," akaitikia. Kisha akasema, "Oneko alikuwa mtu wa watu. Lakini siku hizo, mwanangu, ukimtaja sana, ulikuwa unaangalia mlango." Akaangalia mlango, akacheka, akaagiza chai ya pili.

Jioni sebule ya Mwalimu ilijaa. Wengine waliketi kwenye mikeka, wengine kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa jirani. Walikuwa wanafunzi wa vyuo, mshona nguo, kondakta wa matatu aliyekuwa siku yake ya mapumziko, na msichana anayesoma mashairi ya jukwaani na ambaye ameshawahi kupanda jukwaa la Nakuru Players Theatre. Niliwasomea Kimvita polepole, kisha kwa mwendo wake. Niliwaeleza kwamba kuna mashairi ya diwani ile ambayo hayana "mimi" kabisa. "Mnazi" ni ugomvi wa ndugu wawili juu ya mti, na kila mmoja ana hoja zake. "Mamba" ni onyo kwa mwenye nguvu anayejiona hafi. "Usiniuwe" ni sauti ya mtoto ambaye hajazaliwa. Kisha kuna mengine ambamo mtu yuko peke yake na nafsi yake. "Telezi" inasimulia kuanguka penye utelezi. "Siwati" ni ya anayetangaza kwamba haachi alilolishika.

"Basi hizo za peke yake ndizo maungamo," alisema mshona nguo.

"Hapana," akasema msichana wa jukwaani. "Hiyo ya siwati ni kinyume. Huyo amekataa kuungama."

Mwalimu alinitazama. Msichana alikuwa amefika mahali ambapo mimi nilikuwa nikipazunguka tangu Miritini.

Niliwaambia habari za Nyayo House. Mwaka 1986 na 1987 watu walioshukiwa kuwa wa kundi la siri la Mwakenya walizuiliwa katika vyumba vya chini vya jengo lile la Nairobi, wakateswa, wakapelekwa kortini bila wakili, mara nyingine baada ya saa za kazi, na mbele ya hakimu wakakiri makosa. Mwandishi Wahome Mutahi, aliyechekesha nchi nzima kwa safu yake ya Whispers, alikuwa miongoni mwa waliofungwa. Dola inataka maungamo kuliko inavyotaka ushahidi, kwa sababu ushahidi humwonyesha mtu kuwa mkosaji tu, ilhali maungamo humfanya aikubali lugha ya anayemshitaki. Aliyeungama chini ya kipigo amesema "mimi" kwa maneno ya mwingine.

Abdilatif aliwapa waliomfunga wasichokiomba na kuwanyima walichokiomba. Hakuna mahali anapojuta kwamba aliuliza Kenya inakwenda wapi. Lakini amekubali kuonekana ameanguka. Amekubali msomaji ajue kwamba upweke unauma, kwamba mwili una mipaka, na kwamba mtu mwenye msimamo hulazimika kujisemesha mwenyewe ili msimamo usimtoke. Mtu anayetangaza kwamba haachi alilolishika ametuambia pia kwamba kuna kitu kinamvuta aliache. Asingekuwa na mvuto huo, hangehitaji kuapa. Hilo ndilo jibu nililomletea Mwalimu: aliungama maumivu, hakuungama kosa.

"Na Lowell?" akauliza Mwalimu.

Lowell naye, nilisema, ila yeye hakuwa na askari mlangoni alipokuwa akiandika. Alikuwa na familia na daktari. Ujasiri wake ulikuwa wa kuwaudhi watu wa nyumbani. Wa Abdilatif ulikuwa wa kutowapa watesi wake furaha ya kumwona amevunjika, na papo hapo kutowadanganya wasomaji kwamba yeye ni jiwe. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja kirahisi, na ndiyo maana diwani ile bado inasomwa, hata na walioisahau KPU.

Baadaye vijana walisoma yao. Msichana wa jukwaani alisema yeye hana habari na mizani, "mimi naandika tu vile naskia," na akasoma shairi refu la Kiswahili na Sheng kuhusu mama anayedai madeni ya mboga kwa jirani. Wote walicheka pale palipotakiwa wacheke. Kisha akasimama kondakta. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti iliyozoea kuita abiria, lakini hapo aliishusha.

Shairi lake lilikuwa la Januari 2008. Nakuru iliwaka mwezi huo baada ya uchaguzi, na maelfu waliofukuzwa makwao walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho. Yeye alikuwa mtoto. Jirani yao alihama usiku mmoja na familia yake, na kesho yake kochi la jirani lilikuwa sebuleni kwao. Hakuna aliyelieleza. Alikua akilikalia, akafanyia kazi za shule juu yake, akalilalia alipougua malaria. Shairi lilikuwa na beti saba. Alikuwa amejitahidi kulitia vina, kwa sababu Mwalimu hamsikilizi mtu asiyejaribu kwanza.

Hapakuwa na kicheko. Mshona nguo, ambaye kabila lake na la kondakta yalikuwa pande mbili mwaka ule, ndiye aliyevunja kimya. "Jina la huyo jirani la nini?" aliuliza. Kweli, katika ubeti wa pili palikuwa na jina, jina la ukoo ambalo mtu yeyote wa Nakuru angejua ni la watu gani.

Wakabishana. Wengine walisema jina likiondolewa, ungamo linakuwa la uongo. Wengine walisema jirani hakuombwa ruhusa ya kuingizwa ndani ya shairi. Msichana alisema kondakta angeandika hadithi ya wanyama, kama ile ya mamba, akae salama. Kondakta alikataa. Alisema akimgeuza baba yake kuwa fisi, kila mtu atadhani anamzungumzia mwanasiasa fulani, na wanasiasa hawakulikalia lile kochi.

Mwalimu aliwaacha mpaka walipochoka. Kisha akawakumbusha yule askari jela wa Kamiti. Diwani ilipotoka 1973, kumtaja mtu kama yule kwa jina kungemfukuzisha kazi, au kungemgeuza mfungwa naye. "Aliyeumia anaweza kujianika," alisema. "Mwenzake hawezi kumwanika. Toa jina la jirani. Baba yako mtaongea nyumbani, hilo si la kwangu. Lakini 'mimi' usiitoe. Hiyo ni yako."

Kondakta alichukua kalamu akalikata jina. Akatafuta neno la kuliziba pengo, akapata "mwenzetu", akausoma ubeti upya. Nilimwona mshona nguo akitikisa kichwa kukubali neno hilo, au angalau kulivumilia.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. "Jina lilikuwa na silabi nne," alisema. "'Mwenzetu' ina tatu. Mshororo wako sasa una mizani 15. Kaa chini, utafute iliyopungua, halafu utusomee tena kabla chai haijapoa."

Alikaa, akaanza kuhesabu.